Tyson dhidi ya Ali ni swali la uvivu, na mimi ndiye wa kwanza kulaumiwa

Wacha nianze kwa kuungama. Video yangu iliyotazamwa kushinda zote tangu nianze hii kazi ni ile ya Mike Tyson wa 1988 dhidi ya Muhammad Ali wa 1966. Dakika nne hivi. Muziki mzito, vipande vya watu wakianguka, halafu mwisho nikatangaza Tyson raundi ya sita na nikatoroka. Sikuwa nimetazama hata pambano moja la Ali kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikata, nikaunganisha, nikaposti, nikalala. Kuamka asubuhi napata watu wanatukanana huko chini kama ndugu waliogawiwa shamba vibaya. Nilifurahi sana. Hiyo video ndiyo ilinilipia nyumba mwezi huo, sitawadanganya.

Sasa wiki jana niko kwa kinyozi, nangoja zamu yangu, na gumzo ni lile lile. Jamaa aliye kwenye kiti ameshika simu, anaonyesha kila mtu Tyson akimlaza Michael Spinks. Anasema Ali angelala raundi ya pili. Mwingine anasema hapana, Ali angecheza naye mpaka achoke. Mzee mmoja alikuwa amekaa karibu na mlango na gazeti lake, hajasema neno saa nzima. Akalikunja, akauliza, "Vijana, huyo Ali mnayempiganisha ni wa mwaka gani?"

Nikarukia, maana hii si ndiyo kazi yangu: "Wa sitini na sita, mzee."

"Na wa sitini na nane?"

Nikafungua mdomo, nikafunga. Kwa sababu Ali wa 1968 hayuko. Tafuta popote unapotaka. Hakuna pambano, hakuna raundi, hakuna ngumi hata moja ya kulipwa aliyorusha ulingoni mwaka huo, wala 1969. Mzee akafungua gazeti lake tena, akaendelea kusoma. Nilinyolewa nikiwa na aibu.

Tangu siku hiyo nimekaa nikisoma, na nimefika mahali ambapo wengi wenu mtanichukia. Haya maswali yetu ya nani angempiga nani yanatufanya wajinga, na si kwa sababu ni ya kubuni. Kubuni si kosa. Kosa ni kwamba tunabuni mapambano yasiyoweza kufanyika, ya watu ambao hata hawakuishi enzi moja, na tunayaacha yale ambayo yangefanyika kesho yake asubuhi kama si watu fulani kukaa mezani na kuyazuia. Hayo ndiyo yanahitaji kubuniwa. Yaliibwa.

Tuanze na huyu Ali. Tarehe 22 Machi 1967 alimpiga Zora Folley raundi ya saba, akawa na mapambano 29 na hajashindwa hata moja. Alikuwa na miaka 25. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Aprili, aliitwa jina lake kule Houston aingie jeshi aende Vietnam, akakataa kupiga hatua mbele. Wakamvua taji, wakamnyima leseni, na Juni mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Jela hakwenda kwa sababu alikata rufaa, lakini ulingo ulifungwa. Alirudi tarehe 26 Oktoba 1970 kule Atlanta, dhidi ya Jerry Quarry, akiwa na miaka 28. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kufuta ile hukumu Juni 1971, majaji wote waliosikiza kesi wakikubaliana. Miaka haikurudishwa.

Muulize kocha yeyote bondia wa uzito wa juu anakuwa na miguu na akili pamoja akiwa na umri gani. Atakwambia hapo hapo, ishirini na tano mpaka ishirini na nane. Kwa hivyo mtu mnayempeleka kwa Tyson, Ali wa siku zake za moto kabisa, hakuna binadamu aliyemwona. Mnachokiona kwenye simu ni Ali wa kabla na Ali wa baada.

Na hata kile kipande cha kabla, kile tunachokipenda sote, cha Novemba 1966 akimcheza Cleveland Williams kama mtoto pale Astrodome, mimi mwenyewe nilikitumia kwenye video bila kujua kitu. Williams alikuwa amepigwa risasi na polisi miaka miwili kabla, risasi ya bastola kubwa, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa na akapoteza figo. Aliingia ulingoni hivyo. Ali alikuwa wa ajabu usiku ule, sikatai. Lakini ukitoa hukumu ya milele kutokana na raundi tatu dhidi ya mtu mwenye figo moja, wewe hupimi ngumi, unapima mkato wa video.

Haya, na Tyson. Mnasema Tyson wa siku za moto. Sawa. Juni 1988 alimmaliza Spinks kwa sekunde 91. Februari 1990, Tokyo, Buster Douglas akamlaza raundi ya kumi, na Douglas alikuwa mtu ambaye wachezaji kamari hawakumpa nafasi kabisa. Tyson alikuwa na miaka 23. Ishirini na tatu, wasee! Mkiambiwa hivyo mnajibu, aah, huyo hakuwa tena Tyson wa kweli, alikuwa ameachana na kocha wake, hakufanya mazoezi, nyumbani kulikuwa na vita. Kwa hivyo Tyson wa kweli ni yule wa siku alizoshinda tu. Akishinda ni yeye, akishindwa ni mtu mwingine aliyevaa ngozi yake. Kwa hesabu hiyo hata mimi sijawahi kufeli mtihani.

Na kama bado mnaamini hii sayansi yetu ya kutabiri, hebu tuende Kinshasa.

George Foreman mwaka 1974: mapambano 40, ameshinda yote. Joe Frazier, aliyempiga Ali 1971, Foreman alimwangusha mara sita ndani ya raundi mbili kule Jamaica. Ken Norton, aliyemvunja Ali taya 1973, Foreman alimmaliza raundi ya pili kule Caracas. Ali ana miaka 32, Foreman 25. Pambano lilikuwa lifanyike tarehe 25 Septemba. Siku chache kabla, Foreman akapasuka juu ya jicho akiwa mazoezini na kila kitu kikasogezwa zaidi ya mwezi mzima.

Sasa fikiria lile jeraha lingekuwa baya kidogo. Fikiria mipango imevunjika, Foreman amepanda ndege akaenda zake, Ali amestaafu. Leo tungekuwa na swali la kubuni, Ali dhidi ya Foreman, na ninyi nyote, na mimi nikiwa mbele nimeshika bango, tungesema Foreman raundi ya pili. Tungekuwa na ushahidi wote. Tungemwita mtu wa Ali mwendawazimu. Halafu lile pambano lilifanyika, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, na Ali akaegemea kamba, akamwacha jamaa apige mpaka mikono ikafa, akamlaza raundi ya nane. Hakuna aliyebuni hivyo. Inasemekana hata kona yake mwenyewe ilikuwa inampigia kelele atoke kwenye kamba.

Ndiyo maana huwa nacheka mtu akiniambia kompyuta sasa itatupa jibu. Hilo lilishajaribiwa kabla mama yangu hajazaliwa.

Mwaka 1967, ule ule ambao Ali alifungiwa, mtangazaji mmoja wa Miami kwa jina Murray Woroner alichukua mabondia 16 wa uzito wa juu wa enzi zote, akakusanya maoni ya waandishi na wataalamu wa ngumi kuhusu nguvu ya kila mmoja, kasi yake, anavyovumilia kupigwa, akaviingiza kwenye kompyuta ya NCR 315. Matokeo yakatangazwa redioni kama mapambano ya kweli, na kelele za mashabiki juu. Watu walikaa sebuleni wakisikiza. Kusema ukweli huyo msee alikuwa wa kazi yetu hii, alizaliwa tu mapema.

Fainali, Rocky Marciano akampiga Jack Dempsey. Lakini niangalie Ali. Kompyuta ilimtoa Ali mapema, na aliyemtoa alikuwa Jim Jeffries. Shikeni hilo jina, nitalirudia. Ali akashtaki, dola milioni moja, kwamba wamemharibia jina. Wakamalizana nje ya mahakama: alipwe dola 10,000 na akubali kutengeneza filamu na Marciano, wapigane, kompyuta iamue.

Sasa hebu tazameni hiyo picha. Mwaka 1969, studio moja Miami, pazia nyeusi, hakuna mashabiki. Huku kuna Ali, miaka 27, bondia bora duniani, amekatazwa na serikali yake kupigana pambano la kweli, anahitaji pesa. Huku kuna Marciano, miaka 45, amestaafu tangu 1956, amejikondesha na amevaa nywele za bandia. Walirusha raundi sabini hivi za dakika moja moja, ngumi nyingi za mwilini zikiwa za kweli kidogo, usoni za kuigiza, na wakarekodi miisho tofauti tofauti. Marciano alikufa kwenye ajali ya ndege tarehe 31 Agosti mwaka huo, siku moja kabla ya kutimiza miaka 46. Hakuwahi kujua kompyuta ilimpa nini. Januari 1970 filamu ikaonyeshwa kwenye majumba ya sinema zaidi ya elfu moja: Marciano, nokauti, raundi ya 13. Baadhi ya watazamaji wa Ulaya wakaonyeshwa mwisho mwingine, Ali akishinda. Ali alitania kwamba hiyo kompyuta lazima ilitengenezwa Alabama.

Mwaka mmoja, filamu moja, mashine moja, washindi wawili, kutegemea ni nani amenunua tiketi. Na ndivyo nilivyofanya mimi na ile video yangu, niliangalia tu upepo wa mashabiki unavuma wapi. Kuna tofauti gani? Mimi sikuwa hata na NCR 315.

Lakini sitaki kumcheka Woroner sana, kwa sababu kilichoniuma zaidi ni lile jina la Jeffries.

James J. Jeffries alikuwa bingwa kuanzia 1899 hadi 1905. Katika hiyo miaka yote hakumpa bondia mweusi hata mmoja nafasi ya kupigania taji. Alisema wazi hatafanya hivyo, akastaafu nalo. Jack Johnson ilibidi amfukuze Tommy Burns mpaka Australia, akalichukua taji Sydney tarehe 26 Desemba 1908. Ndipo Marekani nzima ya wazungu ikaanza kumbembeleza Jeffries arudi akalikomboe. Akarudi, tarehe 4 Julai 1910, Reno, na Johnson akamchapa mpaka raundi ya 15 watu wake wakasimamisha. Usiku huo watu weusi walivamiwa na kuuawa mitaani katika miji mingi ya Marekani kwa sababu bondia mmoja ameshinda. Miaka miwili baadaye Bunge lao likapiga marufuku kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo moja hadi lingine.

Huyo Jeffries ndiye mashine ilisema angempiga Muhammad Ali. Data iliwekwa na watu. Watu waliweka yaliyokuwa mioyoni mwao.

Na Johnson naye, wacha nisimfanye malaika. Alipopata taji alifanya vile vile. Kulikuwa na Joe Jeannette, kulikuwa na Sam McVey, kulikuwa na Sam Langford, weusi watatu ambao wangemsumbua kuliko mzungu yeyote. Aliwakwepa. Alikuwa amempiga Langford kwa pointi 1906, Langford akiwa mdogo wa mwili kabisa, akasema yatosha. Mweusi pekee aliyempa pambano la taji alikuwa Jim Johnson, Paris, Desemba 1913, wakatoka sare. Pesa zilikuwa kwa wazungu, na mwenye taji anafuata pesa. Sielewi kwa nini mashabiki wake huwa wanaruka hapo.

Johnson alipopigwa na Jess Willard pale Havana mwaka 1915, mlango ukafungwa kabisa. Kuanzia hapo mpaka Joe Louis alipopanda ulingoni na Jim Braddock Juni 1937, miaka 22, hakuna mweusi hata mmoja aliyepewa pambano la kugombea taji la dunia la uzito wa juu. Ishirini na miwili! Mtu alizaliwa, akajifunza ngumi, akawa hatari, akazeeka, hiyo taji anaisikia tu.

Harry Wills alikuwa katikati ya hiyo miaka. Mrefu, futi sita na zaidi, kibarua wa bandarini New Orleans, mikono kama milango. Jack Dempsey alikuwa bingwa kuanzia 1919 hadi 1926. Wills alikuwa mpinzani wa kwanza kwenye orodha kwa muda mrefu wa hiyo miaka, tume ya ngumi ya New York ikasema Dempsey lazima apigane naye, mikataba ikatiwa saini. Halikufanyika. Mwandalizi wa mapambano ya Dempsey alikuwa Tex Rickard, na huyo Rickard ndiye aliandaa lile la Reno 1910, tena akawa refa siku hiyo. Aliona kilichotokea baada ya Johnson kushinda, na hakutaka kukiona tena. Wanasiasa pia hawakutaka. Wengine wanamtetea Dempsey kwamba yeye alikuwa tayari ila wakubwa walizuia. Labda. Lakini miaka saba, bana.

Sasa hapa ndipo kubuni kunapata maana, kwa sababu tuna ushahidi unaogusana. Septemba 1923 Dempsey alipigana na Luis Firpo wa Argentina. Ni lile pambano maarufu ambalo Firpo alianguka mara nyingi na bado akampiga Dempsey akatoka nje ya kamba, akaangukia waandishi wa habari, wakamsaidia kurudi. Dempsey akashinda raundi ya pili. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1924, Firpo huyo huyo akapewa Harry Wills. Wills, miaka 35, alimshika, akamzungusha, akamwangusha, akamtawala raundi 12 nzima. Firpo aliyemrusha bingwa nje ya ulingo hakupata pa kumgusia Wills.

Hiyo haimaanishi Wills angeshinda, Kinshasa imeshatufundisha. Lakini angalau walikuwa hai, walikuwa mji mmoja, uzito mmoja, saini zilikuwepo. Na mimi kwa miezi sita nilikuwa nawauzia Tyson dhidi ya Ali, watu waliozaliwa wameachana miaka 24.

Halafu Langford. Mtoto wa Nova Scotia, Kanada, futi tano na inchi saba hivi, alipigana kuanzia uzito mwepesi mpaka uzito wa juu, mapambano mamia. Kwa sababu mabingwa walimkwepa, yeye na Wills na Jeannette na McVey walibaki kupigana wenyewe kwa wenyewe, tena na tena, Langford na Wills peke yao zaidi ya mara kumi na tano. Hebu fikiria unapigana na mtu mmoja mara kumi na tano kwa sababu hakuna mwingine anayekubali. Dempsey alikuja kukiri kwenye kitabu chake, miaka mingi baadaye, kwamba kuna mtu mmoja tu aliyemwogopa, na ni Langford. Mwaka 1944 mwandishi mmoja wa New York alimtafuta Langford akampata Harlem, kipofu, kwenye chumba kimoja, hana kitu. Watu wakachanga. Ngumi zilimtoa macho na hazikumpa hata jioni moja ya kugombea taji la uzito wa juu.

(Wills yeye alijipanga, alinunua majumba Harlem akaishi vizuri. Na kila mwaka alikuwa anafunga mwezi mzima, maji tu. Sijui hiyo inahusu nini na hoja yangu lakini imenikaa kichwani.)

Kuna wale watasema hizi ni habari za Marekani, za kale, za rangi. Kuna njia nyingi za kuzuia pambano. Teófilo Stevenson wa Cuba, dhahabu ya Olimpiki 1972, 1976 na 1980, mkono wa kulia ambao ukikupata unaamkia chumba cha kubadilishia nguo. Cuba ilikuwa imepiga marufuku michezo ya kulipwa, na alipoahidiwa mamilioni apigane na Ali alikataa, akasema mapenzi ya Wacuba yanamtosha. Huyu angalau alichagua mwenyewe, kama unaamini mtu huchagua kwa uhuru mbele ya Fidel. Kule Montreal 1976 alimlaza John Tate raundi ya kwanza, na Tate miaka mitatu baadaye akawa bingwa wa WBA. Kwa hivyo hatubuni hewani. Ali wa 1976 alikuwa mzito, alikuwa anatupa raundi za mwanzo. Kwa raundi tatu nampa Stevenson bila kusita, kwa raundi 15 nampa Ali, maana Stevenson hakuwahi kwenda huko na kule ndiko Ali alikuwa akiishi.

Na hapa nyumbani limetugusa. Kenya haikwenda Montreal 1976, Afrika iligoma kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi. Haikwenda Moscow 1980. Stephen Muchoki wetu, uzito mdogo kabisa, alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa 1978 kule Belgrade. Ukiweka hizo tarehe kando kando utaona Olimpiki ya kabla imegomewa, na ya baada imegomewa. Na unajua ni nani alikuja Nairobi Februari 1980, ametumwa na Rais Carter, kuomba Afrika isiende Moscow? Muhammad Ali. Yule yule aliyenyang'anywa miaka yake na serikali ya Marekani. Kabla ya hapo alipita Dar es Salaam, Nyerere akakataa kumwona, na waandishi wakamuuliza mbona 1976 Marekani haikugoma pamoja na Afrika. Alibaki kushangaa, hakuwa ameambiwa hayo. Nampenda Ali kama ninyi, lakini hiyo safari huwa inaniumiza.

Lewis na Bowe nitawapitia mbio kwa sababu wazazi wenu waliona. Fainali ya Seoul 1988, Lennox Lewis alimsimamisha Riddick Bowe raundi ya pili. Bowe akawa bingwa wa dunia 1992, WBC ikamwambia apigane na Lewis, yeye akaenda London mbele ya kamera akautupa mkanda ndani ya pipa la takataka. Pipa! Wote wawili walikuwa vijana, wazima, bei ipo. Halikufanyika kamwe. Na bado pale kwenye PlayStation mtaani kwetu watu wako kwenye Fight Night Round 4, Ali na Tyson kwenye jalada, wanafikiri hilo ndilo deni kubwa la historia.

Najua mtasema, kijana, tulia, hizi ni stori tu za kupitisha muda. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo najua vizuri stori za "ungekuwa". Kila Krismasi nazisikia kutoka kwa wajomba. Mjomba akisema ungekuwa umemaliza ungekuwa injinia, ananibuni mimi ambaye sikuwahi kuwepo, halafu hataki kuuliza karo ilikwama wapi. Na sisi tunafanya hivyo hivyo. Tunaandika orodha za kumi bora, Dempsey yumo kila mara, Wills hayumo kwa sababu hana taji, na hana taji kwa sababu Dempsey hakupigana naye. Hebu niambieni hiyo ni hesabu gani.

Kwa hivyo ile video nimeiondoa. Ndiyo, ile iliyonilipia nyumba. Badala yake nimetengeneza ya Dempsey na Wills, Septemba 1924, ya dakika ishirini na mbili, hakuna muziki. Nimetazama filamu zote mbili za Firpo ninazoweza kupata. Dempsey anaingia chini, anarusha ngumi za pembeni. Raundi mbili za kwanza Wills ataumia, pengine ataanguka. Lakini Wills hushika. Anafunga mkono wako mmoja kwapani na anakupiga na uliobaki, jambo ambalo marefa wa siku zile waliliruhusu, na Dempsey hakuwa amepigana pambano refu la maana tangu Shelby mwaka uliotangulia, na hata Shelby Tommy Gibbons alimaliza raundi 15 amesimama. Nampa Wills, pointi, raundi 15, na vurugu mitaani usiku huo.

Nilimpelekea yule mzee pale kwa kinyozi simu aitazame. Aliitazama yote, kinyozi akingoja na mashine mkononi. Kisha akanirudishia na kusema Dempsey angemmaliza raundi ya nne, sijui ngumi. Tumekubaliana tukutane Jumamosi.